Kwa Nini Mkalimani Hapekui Tena Mikoba

Mjukuu wangu Siwema anaandika programu za kompyuta, na kazi hiyo inamlisha, kwa hiyo siichukii. Juzi alikuwa amekaa ukumbini kwangu, kompyuta mapajani, anaisema mashine kama mtu anayemsema mke mwenza. Nikamuuliza imekukosea nini. Akanieleza, naye hueleza vizuri akitulia. Ndani ya mashine, anasema, kuna vitu, na kila kitu kina nyumba yake. Halafu kuna mkalimani, ambaye kazi yake ni kuchukua maneno tunayoandika sisi na kwenda kuviuliza hivyo vitu. Sasa Siwema alikuwa amekipa kitu kimoja jibu la swali kubwa, amekiwekea mkononi kabisa, na mkalimani akapita mbele yake bila hata kukitupia jicho. Akaenda kuuliza nyumbani kwao.

"Ndiyo kanuni, bibi," akaniambia. "Maswali makubwa huulizwa nyumbani. Ila nani aliamua hivyo, na kwa nini, sijui."

Mimi nitawaambia nani aliamua. Kaeni, na huyo mwenye simu aizime au akae nayo mbali asinimulikie.

Wakati ninaousema, Mkalimani alikuwa bado anatembea. Siku hizi anakimbia, hujafumba jicho amekwenda na kurudi, lakini wakati ule alitembea taratibu katika Nchi ya Vitu, fimbo mkononi, na kila aliyekutana naye alimsimamisha kumuuliza habari za nyumbani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu nyingi kuliko akili. Nje ya nchi ile waliishi watu kama sisi, wanaotaka kujua kila jambo. Watu hawakuijua lugha ya Vitu, na Vitu hawakuijua lugha ya watu. Mkalimani alizijua zote mbili. Alipokea swali mpakani, akalipeleka, akarudi na jibu.

Msidhani Vitu wenyewe walikaa kimya kama sufuria kabatini. Walikuwa na miguu, na midomo, na umbea wa kutosha. Kila mmoja alitembea na mkoba begani, na ndani ya mkoba aliweka mambo yake mwenyewe: rangi anayoipenda, jina la utani, kijiji alichotoka jana. Na kila mmoja alikuwa na nyumba aliyozaliwa. Kila nyumba ilikuwa na mama yake, na kila mama alikuwa na sanduku.

Maswali yalikuwa ya namna mbili. Yapo madogo, ya njiani: umevaa nini, jina lako la utani nani. Hayo hata mtoto anajijibu. Lakini yapo makubwa, na Mkalimani akitaka kuliuliza moja, alisimama kwanza, akachora mistari miwili ardhini kwa fimbo, akauliza, akamaliza kwa kuchora mistari miwili mingine. Mkiona mistari mbele na mistari nyuma, jueni hapo hakuna mchezo. Umebeba vingapi? Alama yako ipi? Wewe na mwenzako mkiunganishwa mnakuwa nini? Wenyeji wa nchi ile wakiona fimbo inagusa ardhi walinyamaza, hata waliokuwa wanagombana.

Majibu ya maswali hayo hayakuwa neno la kusema tu. Yalikuwa desturi, yaani namna ya kulipata jibu, na kila desturi ilisukwa kwenye shupatu, ule ukanda mwembamba wa ukindu, ikawekwa sandukuni kwa mama. Mkalimani alilisoma shupatu kwa vidole. Lilisema, kwa mfano, "Pitisha kitanzi mkononi mwa huyu, mfunue huyu, hesabu yaliyomo ndani ya huyu, taja." Na kweli mwisho wa shupatu paliachwa kitanzi. Mkalimani alimtia kitanzi yule aliyeulizwa, na papo hapo yule akawa ndiye "huyu". Shupatu moja likawatosha watoto wote wa nyumba. Leo huyu ni huyu, kesho huyu ni yule.

Ila Mkalimani alikuwa na tabia moja. Kabla hajaenda nyumbani kwa mtu, aliupekua kwanza mkoba wa mtu mwenyewe. Akikuta mle shupatu la swali lake, alilitumia hilohilo na safari ikaishia hapo. Asipokuta, ndipo alipokwenda kwa mama. Aliona ni heshima, kumuuliza mtu kabla ya kuwauliza wazazi wake. Mimi naona ni udaku, lakini tuendelee.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Nyumba ya Vikapu, na mama wa nyumba aliitwa Bi Ukili, mwanamke mpana, mwenye mikono ya kusuka na ulimi wa kukata. Alikuwa na watoto wengi. Nitawatajia watatu ili msichanganyikiwe. Jamanda alikuwa mkubwa, kikapu cha duara chenye kifuniko chake, kile tunachopelekea vyakula vya harusi, binti wa adabu na mikunjo mizuri. Alimfuata Tunga, kikapu kipana cha wazi, mpole, asiye na neno na mtu. Wa mwisho alikuwa Pakacha, wa makuti mabichi, aliyesukwa haraka haraka siku ya mvua, na mambo yake yote yalikuwa hivyo hivyo. Embe likitiwa ndani ya Pakacha lilifika chini kabla yeye hajafika nyumbani.

Pakacha hakupenda kuhesabiwa. Nani angependa, akiwa mtupu kila siku? Basi akakaa uani akajisukia shupatu lake mwenyewe, bila kitanzi, kwani hakutaka kupimwa na mtu, akaliweka mkobani. Shupatu lilisema neno moja tu: taja mia. Mkalimani akaja, akachora mistari, akauliza, "Pakacha, umebeba vingapi?" Akapekua mkoba, akasoma, akatangaza kwa sauti ya kazi, "Mia." Watu wakamtazama Pakacha, wanaona nyasi upande wa pili kupitia mbavu zake, wakaangua kicheko. Naye akainamisha kichwa kwa madaha kama mtu aliyepongezwa. Alipoona mambo yameitika, akajisukia mashupatu kwa maswali yote makubwa. Umebeba vingapi, mia. Alama yako ipi, mia. Ukiunganishwa na Tunga unakuwa nini, mia. Mkalimani aliumia rohoni, lakini desturi aliikuta mkobani, angefanya nini.

Basi mwaka huo Jamanda akachumbiwa na Kawa. Mnamjua kawa, kifuniko cha ukindu chenye ncha juu tunachofunikia chakula inzi wasile kabla yetu. Watu walisema Jamanda ana kifuniko chake tayari, kifuniko cha pili cha nini? Jamanda akasema ni chake na amekipenda. Maneno yakaisha.

Sasa harusi ya vikapu ina jambo lake. Bibi harusi hukaa amefungwa kifuniko tokea asubuhi, na mama yake mzazi ndiye anayemfunua mbele ya wakwe, waone binti amejaa au ni mtupu. Hafunui shangazi wala jirani, anafunua mama. Na lazima amfunue kabla jua halijagusa vilima. Likigusa, wakwe wanakunja mikeka yao wanarudi kwao, na hiyo harusi inahesabiwa haikuwapo.

Zamani walifanyia uani kwa mama, lakini kila harusi iliharibika kwa ugomvi wa mikeka, huyu kakalia pangu, yule kakalia pangu. Ndipo ukajengwa ukumbi, na harusi ya Jamanda ikawa ya kwanza humo. Mlangoni akawekwa Mkalimani. Kila mgeni anaulizwa alama yake, na alama ndiyo inayompeleka kwenye mkeka wake. Asiye na alama hana mkeka, na asiye na mkeka haingii. Lilikuwa jambo zuri, na asubuhi nzima liliendelea vizuri. Tunga akaingia, akapata pake. Wakwe wakaingia, wakiongozwa na Bi Uteo, shangazi yake Kawa, aliyezoea kupepeta watu kama anavyopepeta mchele. Pakacha naye akatangaziwa mia, na mkeka wa mia ulikuwa kando ya sufuria ya pilau, na msiniambie hakujua.

Alasiri akafika Bi Ukili. Doti mpya ya kanga, viatu vya kuazima, sanduku kichwani, kwa sababu mama wa nyumba haliachi sanduku lake nyumbani likae na panya. Mkalimani akamwamkia kwa heshima zote, akachora mistari miwili, akauliza, "Mama, alama yako ipi?" Akachora mistari miwili mingine.

Kisha akafanya kama alivyozoea, akapekua kile alichobeba aliyeulizwa. Mtoto hubeba mkoba. Mama amebeba sanduku. Akalitua, akalifungua, na juu kabisa akakuta shupatu la alama. Akafurahi, akadhani kazi imekwisha. Akapitisha vidole. "Pitisha kitanzi mkononi mwa huyu," akasoma, "hesabu mapindi ya msuko wa huyu..." Akanyanyua macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Huyu nani?" akauliza.

"Huyu nani vipi?" akasema Bi Ukili.

"Shupatu linataka huyu, mama. Nimtie nani kitanzi?"

"Umeniuliza mimi. Nitie mimi."

"Lakini wewe si huyu. Wewe ndiye mwenye sanduku. Huyu ni yule anayeletwa mbele ya sanduku, na hapa sioni aliyeletwa."

"Baba, nimejileta mwenyewe, kwa viatu vya watu, na vinanibana. Tia hicho kitanzi tuingie."

Mkalimani akajaribu. Kumbukeni kitanzi kile kilisukwa kwa kipimo cha mikono ya watoto. Kiliingia vidole, kikafika kwenye maungio ya kiganja, kikagoma. Akavuta. Bi Ukili naye akasukuma. Akaja mtu na mafuta ya nazi, wakampaka mkono hadi kiwiko, wakavuta tena, mama wa watu akabaki amenaswa vidole mbele ya wakwe, anang'aa kama kitumbua. Walioko ndani wakatoka kutazama. Vicheko vikaanza nyuma, vikaja mbele.

"Sisi tumekuja kuoa," akasema Bi Uteo, akisimama mlangoni na mkono kiunoni. "Kama ni siku ya kuvishana bangili tungeambiwa, tungekuja na zetu."

Tunga akajitokeza, maskini ya Mungu, akitaka kusaidia. "Nitieni mimi kwa niaba ya mama." Kitanzi kikaingia bila taabu, Mkalimani akahesabu mapindi, akataja alama, na alama ikawapeleka moja kwa moja kwenye mkeka wa Tunga, juu ya sahani ya Tunga. Bi Ukili akauliza kama anatakiwa akae mapajani mwa mwanawe na kulishwa. Wakarudi mlangoni.

Pakacha akaja mbio, mdomo unang'aa pilau. "Mama, chukua langu. Halina kitanzi wala maswali. Unasema mia, unakaa karibu na chakula."

"Wewe," akasema Bi Ukili, "rudi ulikotoka kabla sijakusuka upya."

Lakini jua halikuwa linacheka nao. Kivuli cha nguzo ya mlango kilikuwa kimeshavuka kizingiti, kinatambaa kuelekea katikati ya ukumbi alipokaa Jamanda na kifuniko chake kichwani. Alikuwa amesikia kila kitu, vicheko na mafuta ya nazi na bangili. Bi Uteo akageuka, akatazama vilima, akarudi ndani akikunja mikono ya gauni. "Haya, muda unakwenda," akasema. "Nitamfunua mimi. Mkono ni mkono."

Sauti ikatoka chini ya kifuniko, taratibu, lakini hakuna asiyeisikia. "Shangazi, nakuheshimu. Ukigusa kifuniko changu nitakung'ata. Kama mama haingii, sifunuliwi, na kama sifunuliwi, Kawa aende akafunike wali wa watu wengine."

Kawa akafungua mdomo aseme neno, akaona afadhali aufunge. Sasa halikuwa jambo la kuchekwa tena.

Pale nje, Bi Ukili akavua viatu. Akakaa juu ya sanduku lake, akachomoa vidole kwenye kitanzi kimoja kimoja, akajifuta mafuta kwa pindo la kanga. Alipomaliza akamwita Mkalimani, si kwa hasira, kwa sauti ile ambayo mama akiitumia watoto wanaanza kujitetea kabla hawajashtakiwa.

"Ulipotaka alama ya Tunga, ulikwenda kuuliza wapi?"

"Kwao," akasema Mkalimani.

"Kwao ni wapi?"

"Kwako, mama. Sandukuni."

"Na huyo Pakacha, kama asingejisukia upuuzi wake?"

"Angeulizwa kwao vilevile. Kwako."

"Vizuri. Sasa umetaka alama yangu, ukaenda kuuliza wapi?"

Mkalimani akatazama sanduku. Akatazama shupatu mkononi.

"Umeuliza humu," akasema Bi Ukili, akipiga ubavu wa sanduku. "Humu ni kwao watoto. Humu nimeweka desturi za wanangu, na nimezisuka mimi. Kwetu mimi ni wapi? Au mimi niliokotwa? Mama akishakuwa mama hana kwao?"

Nawaambia, ukumbini hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kujiuliza jambo hilo. Mtaona wenyewe mkipata watoto: utaitwa mama fulani, mama fulani, hadi siku watu watakaposahau kwamba na wewe ulikuwa wa mtu.

"Kwenu wapi, mama?" Mkalimani akauliza, na sasa aliuliza kwa unyenyekevu.

"Nyumba ya Kina Mama. Kwa Bi Asili, nyuma ya kisima."

Mkalimani akatazama vilima, akatazama kivuli, akaitupa fimbo begani akakimbia. Hakuwahi kukimbia tokea kuumbwa. Aliowapita njiani walijaribu kumsimamisha wamuulize habari za nyumbani, akawapita bila kuitika, nao wakasema leo kuna msiba. Mbio zake za sasa, ambazo watu wa mashine wanajisifia, zilianzia hapo.

Bi Asili alikuwa ajuza aliyewazaa kina mama wote wa nchi ile, Bi Ukili na wenzake, kila mwenye nyumba na sanduku. Mkalimani alimkuta amekaa kibarazani anatafuna tambuu.

"Umechelewa," ajuza akasema. "Wanangu wametoka mlango huu wakaenda kuwa kina mama za watu, na hakuna aliyekuja kuniulizia hata mmoja. Wanadhani walianguka na mvua. Unataka nini?"

"Alama ya Bi Ukili, bibi. Na jua linazama."

Bi Asili akafungua sanduku lake. Humo mlikuwa na shupatu la alama, pana, na kitanzi chake kilikuwa kikubwa cha kupita mkono wa mwanamke aliyesuka maisha yake yote. Mkalimani akanyoosha mkono, ajuza akalivuta nyuma.

"Haliendi peke yake. Kuna pilau huko, nimesikia harufu tokea asubuhi. Nibebe."

Kwa hiyo Mkalimani akarudi mbio vilevile, ajuza mgongoni, sanduku la ajuza kichwani, shupatu mdomoni. Walipotokea kwenye kona watu walipiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Akamtua Bi Asili, akachora mistari, akauliza, akachora mistari, na safari hii hakuligusa kabisa sanduku la Bi Ukili. Akasoma shupatu la kwao. "Pitisha kitanzi mkononi mwa huyu." Kikapita. Kikapita hadi begani, laini, kama kimesukwa kwa ajili yake, na kweli kilisukwa kwa ajili yake. "Hesabu mapindi ya huyu, taja." Akahesabu, akataja, na mkeka ukaonekana, pembeni kabisa mwa Jamanda, mtupu, ulikuwa unasubiri toka asubuhi.

Bi Ukili hakungoja kupongezwa. Akaingia miguu mitupu, akampita Bi Uteo kama anapita mlingoti, akashika kifuniko cha mwanawe kwa mikono miwili, na jua likiwa bado limebakiza ukucha juu ya vilima, akafunua. Jamanda alikuwa amejaa hadi shingoni. Visheti, vitumbua, mikate ya kumimina, na halua katikati imefungwa kwa jani. Hata Bi Uteo alisahau kununa. Kawa akalia, na mimi wanaume wanaolia siwaelewi, lakini wanasema ilipendeza.

Mlangoni ilibaki shughuli ndogo. Mkalimani, ambaye sasa alikuwa amejifunza, alimgeukia Bi Asili akachora mistari. "Na wewe bibi, kwenu wapi?"

"Kwangu," akasema ajuza.

"Mama yako nani?"

"Mimi. Nilijizaa mwenyewe, na usiniulize ilikuwaje, nilikuwa na shughuli nyingi siku ile."

Mkalimani akatazama sanduku la ajuza, akamtia ajuza kitanzi kilekile cha kina mama, na kikaenea. Akamruhusu apite. Kuna mambo mtu akiyafikiria sana pilau linapoa.

Wageni walipokuwa wanakula, Mkalimani akakaa kwenye kizingiti na sahani yake akawaza. Laiti angelikwenda moja kwa moja kwa Bi Asili, mama wa watu asingepakwa mafuta mbele ya wakwe. Alichompotosha ni ile tabia ya kupekua. Alipekua alichobeba mtu, akakuta desturi iliyosukiwa watu wengine, akaidhani ya mwenyewe. Na kwa watoto je? Huko nako alikuta za Pakacha. Akaweka sahani chini, akasimama, akatangaza akiwa na wali kwenye kidevu: kuanzia sasa, kwa swali lolote lenye mistari mbele na nyuma, hapekui tena anachobeba mtu, awe mtoto awe mama. Atauliza kwao wapi, atakwenda huko, basi. Maswali madogo ya njiani yabaki mkobani kama zamani. Rangi ya Jamanda ni ya Jamanda.

Watu wakapiga makofi, wengine kwa sababu ya sheria, wengine kwa sababu ya halua iliyokuwa inapitishwa.

"Na mia yangu?" akauliza Pakacha.

"Kaa nayo," akasema Mkalimani. "Hakuna aliyekunyang'anya." Akachora mistari hapohapo, akamuuliza amebeba vingapi, akaenda sandukuni kwa Bi Ukili aliyekaa pale karibu, akamtia kitanzi, akamfunua. Ndani mlikuwa na maandazi mawili ya kuiba, moja limeng'atwa. "Mawili," akatangaza. Ukumbi ulicheka hadi taa zikayumba, na Pakacha alicheka kuliko wote, kwani hakuwahi kuhesabiwa akakutwa na kitu.

Msidhani alinyooka. Makuti hayanyooki hivyo. Baada ya miezi alijenga nyumba yake mwenyewe chini kidogo ya nyumba ya mama yake, akaiita Nyumba ya Mapakacha, akachonga sanduku lake, na humo akaweka shupatu moja tu: taja mia. Safari hii akalitia na kitanzi, kwa sababu sasa alikuwa anawasukia watoto. Wakazaliwa watoto mle, watupu kama mama yao. Mkalimani akiwauliza wamebeba vingapi, huenda kwao, hufungua sanduku, hukuta mia, hutangaza mia, na hana ugomvi nao. Imetoka nyumbani. Akiwauliza swali ambalo Pakacha hakulisukia shupatu, maana ni mvivu, Mkalimani hupanda nyumba ya juu, kwa Bi Ukili, akachukua la huko.

Tokea harusi ile hadi asubuhi hii mliyonywea chai yangu, ndivyo mambo yanavyokwenda ndani ya mashine. Mistari miwili, swali, mistari miwili, na Mkalimani ameshageuka anakimbia kwenu. Unaweza kumsubiri njiani ukiwa na jibu zuri kuliko la mama yako, umelifungia mkobani, unalipunga hewani. Hatakuona. Si dharau. Kuna mwanamke aliwahi kuchelewa mlangoni kwa sababu aliulizwa pasipo kwao, na Mkalimani hataki kuliona hilo tena.

Juzi ile Siwema naye alinisikiliza hadi mwisho, halafu akalitoa jibu lake kwenye kile kitu akalipeleka nyumbani kwao, akabonyeza. Mashine ikajibu. Akacheka peke yake kama mwehu, akanikumbatia, nikamwambia aniachie, maharage yanaungua.